Mnamtukana Valdes-Scantling, na makocha wa Chiefs je? Pasi zinaponyoka tangu Septemba!

Wakuu, salaam kwenu.

Tangu jana usiku, Novemba 20, 2023, simu yangu haijatulia. Kila kundi la Waswahili wa hapa Kansas City linarusha video ile ile: Mahomes, kotabeki (mrushaji) wa Chiefs, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, kaachia mpira mrefu, umemfikia mdakaji Marquez Valdes-Scantling mikononi, hakuna beki mbele yake, ukamponyoka. Chini yake ni matusi ya nguoni. Kuna mtu mzima, baba wa watoto, nimesoma alichoandika kuhusu mama wa yule kijana nikaona aibu mimi. Nafungua uzi huu kwa sababu hasira tunazo wote, ila tunazipeleka siko.

Mlioko nyumbani, ambako mechi ilichezwa alfajiri ya leo Jumanne, nawapa kwa kifupi. Chiefs walikuwa uwanja wetu wa Arrowhead na Eagles wa Philadelphia, wale wale tuliowafunga 38-35 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari. Mvua inanyesha. Mapumziko tunaongoza 17-7. Kipindi cha pili chote hatukupata hata pointi moja, tukalala 21-17. Mpira wa Valdes-Scantling ulikuja ndani ya dakika 2 za mwisho. Angeudaka ni tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani, pointi 6), tunaongoza. Na haikuishia pale. Jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, zinatakiwa yadi 25, Mahomes akarusha tena, mpira ukafika mikononi mwa mdakaji mwingine, Justin Watson, nao ukaanguka. Sebuleni kwangu tulikuwa watu tisa, hakuna aliyetoa sauti. Mwanangu wa miaka 13 alivua jezi akaenda kulala bila kula.

Sasa nisikilizeni. Pasi moja ikiponyoka ni ya mchezaji. Mikono ni yake, macho ni yake, hapo sina ubishi. Lakini hii si pasi moja, wala si mtu mmoja. Msimu huu hakuna timu kwenye ligi inayosemwa kwa kudondosha mipira kama sisi, na kila wiki anayetukanwa ni mwingine. Majina ya wadakaji yanabadilika, benchi ni lile lile. Mkimaliza kumtukana huyu wa jana, wiki ijayo mtamtukana nani?

Turudi Septemba 7, mechi ya ufunguzi dhidi ya Lions wa Detroit. Mdakaji wetu Kadarius Toney aliumia goti siku za mwanzo kabisa za kambi mwezi Julai, akapasuliwa, akakosa kambi iliyobaki na mechi zote za maandalizi. Usiku wa ufunguzi Travis Kelce, mdakaji wetu tegemeo, naye hayupo, goti. Nani akawa anarushiwa mipira ya kuamua mechi? Toney! Mpira mmoja ulimgonga mikononi ukaruka, ukamwangukia Brian Branch wa Lions, kijana aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi, akakimbia nao yadi 50 hadi tachidauni. Tukafungwa 21-20. Kesho yake nchi nzima ikamtafuna Toney. Mimi nauliza, nani alimpanga? Mtu ambaye hajadaka na kotabeki wake kwa zaidi ya mwezi, unamtupa kwenye mechi ya kwanza mbele ya Marekani nzima, halafu akidondosha unasema ana mikono ya siagi? Ule uamuzi ulikuwa wa kocha mkuu Andy Reid na watu wake. Toney hakujipanga mwenyewe.

Na jana ndiyo imenichoma zaidi, kwa sababu ya kalenda. Mechi iliyotangulia tulicheza Novemba 5 kule Frankfurt na Dolphins wa Miami. Baada ya hapo tukawa na wiki ya mapumziko. Siku 15! Kila mtu aliyeangalia mechi za Oktoba alijua ugonjwa wa timu hii uko mikononi mwa wadakaji. Siku 15 unazo, ugonjwa unaujua, na unarudi uwanjani nao vile vile. Tena hii ni mechi ya tatu mfululizo kipindi cha pili hatupati pointi: Broncos, Dolphins, sasa Eagles. Hayo nayo ni ya Valdes-Scantling?

Nazungumza kama mtu aliyedaka. Nilikuwa kipa wa timu ya mtaa Morogoro kwa miaka sita kabla ya kuja huku. Kipa akitemeshwa mpira mara moja, anajilaumu, anasonga mbele. Akitema mechi tatu, mwalimu wetu alikuwa anamwita pembeni: anaangalia vidole vinakaaje, macho yanauacha mpira lini, mwili unakuwa nyuma ya mikono au umebaki pembeni. Asubuhi yake unadaka mipira mia, kwa mkono wa kushoto, wa kulia, ukiwa umelala, ukiwa umegeuza mgongo. Kudaka kunafundishwa, na kunasahaulika usipokufanya kila siku. Mwanangu anacheza mpira huu huu shule ya kati hapa, na mvua ikitangazwa kocha wao anachovya mipira kwenye ndoo ya maji mazoezini ili watoto wazoee utelezi. Watoto wa shule ya kati! Kwa hiyo msinieleze habari ya mvua. Iliwanyeshea na Eagles.

Mtasema hawa ni watu wazima, wanalipwa mamilioni, kudaka ni kazi yao. Sawa. Basi tuwaulize na waliowaajiri. Machi 2022 tulimuuza mdakaji wetu Tyreek Hill kwenda Miami. Msimu huu Hill alipita yadi 1,000 za mipira aliyodaka kabla ya Novemba. Sisi tukamchukua Valdes-Scantling kutoka Packers wa Green Bay, na mashabiki wao walituambia mapema kabisa: ana mbio kali, mikono haitabiriki. Meneja mkuu Brett Veach alilijua hilo kabla ya kusaini. Ukinunua mbio, lazima ufundishe mikono, au usimrushie mpira wa maamuzi. Halafu mdakaji mwingine, JuJu Smith-Schuster, akaondoka, hakuna mzoefu wa maana aliyeletwa mahali pake. Kocha wa wadakaji naye kapewa kazi hiyo mwaka huu huu. Yaani wanafunzi wagumu, mwalimu mgeni, na msimu wa kutetea ubingwa.

Kuna Rashee Rice. Mgeni wa ligi, lakini kati ya wadakaji wetu wote ndiye ninayemwona anaukimbilia mpira kwa mikono, hasubiri umgonge kifuani. Kwa nini tangu msimu uanze anachezeshwa kwa vipande vipande? Kila jaribio anaingia huyu, anatoka yule, wadakaji sita saba wanapokezana kama daladala. Mdakaji anamzoea kotabeki wake kwa kurudiarudia, na Mahomes anarusha mipira ambayo hakuna mwingine anayeirusha hivyo, kwa pembe zake na kasi yake. Ukigusa mipira miwili kwa mechi utaizoea lini?

Kelce naye jana alipoteza mpira karibu kabisa na mstari wa Eagles, na yule ni mkongwe tunayempenda wote. Sijaona mtu akimtukana mama yake. Kwa hiyo heshima mnayo, mnachagua tu wa kumpa.

Bado tuna ushindi 7 na vipigo 3, msimu haujafa, na ndiyo maana napiga kelele sasa hivi. Jumapili tunaenda Las Vegas kucheza na Raiders. Nataka nimwone Rice akianza na asitolewe. Nataka wanaodondosha wakae benchi mbele ya macho yetu, kwa uamuzi wa kocha, badala ya kuachwa uwanjani hadi mashabiki wawararue. Na nataka Reid, akisimama mbele ya waandishi wiki hii, aulizwe swali moja tu: zile siku 15 walikuwa wanafanya mazoezi ya nini?

Anayetaka kubishana na mimi aje na hoja. Atakayeleta tusi la mzazi wa mtu kwenye uzi huu namripoti kwa mods (wasimamizi wa jukwaa) hapo hapo.