Naomba ushauri: rimu za spoku za Boxer, chuma au aluminiamu?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naendesha pikipiki ya Boxer 150 hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ni kubeba mchele kutoka Ahero, mara nyingi magunia mawili ya kilo 50. Gurudumu la nyuma limenishinda. Tangu mwezi wa tatu zimekatika spoku saba, zote pale kwenye kona inapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), upande wa sproketi (gia ya mnyororo). Fundi amebadilisha zilizokatika na kunyoosha rimu mara mbili, lakini baada ya wiki moja nikizigonga na spana, spoku nyingine zinalia kengele (zimekaza), nyingine zinalia kopo (zimelegea). Inauma sana kukwama njiani na mzigo wa mtu.

Sasa nataka rimu mpya ya inchi 17, matundu 36, na spoku zote mpya. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, ila naogopa shimo litaipasua. Ya chuma hupinda, ikanyooshwa. Kwa mzigo huu mngechukua ipi? Na spoku za geji 9 (kipimo cha unene; 9 ni nene kuliko 10) zitaingia kwenye habu iliyotobolewa kwa geji 10, au lazima nibadilishe na habu? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie, tafadhali.