Naombeni ushauri: IST inanuka petroli ndani, Jumamosi nina safari ya Tanga

Msafiri wa Mbagala:
Wakuu, habari za majukumu. Nina IST, wiki ya pili sasa ndani kunanuka petroli. Nje hakunuki, ni ndani. Gari likilala vioo vimefungwa, asubuhi ukifungua mlango harufu inakupiga usoni hadi macho yanawasha. Nililaza boksi chini ya gari usiku kucha, limeamka kavu. Taa ya injini haijawaka, ulaji wa mafuta ni uleule. Nimening'iniza manukato mawili, haikusaidia kitu. Jumamosi alfajiri natakiwa niwe barabarani na mke na watoto. Tatizo linaweza kuwa nini? Nikitembea vioo wazi, tutafika salama?

Kobe Mzee:
Uza mkuu, ongeza hela kidogo uchukue dizeli. Mimi nilihama petroli zamani, nalala usingizi.

Mama Pacha:
Pole kaka. Sisi mwaka juzi tulibeba dumu la petroli ya jenereta kwenye buti. Kufika Chalinze kifuniko kimelegea, kama kikombe kimoja tu kimemwagika kwenye zulia. Pacha walitapika hadi Morogoro. Zulia tulilitoa, tukalifua kwa sabuni, tukalianika siku tatu, na bado jua likiwaka harufu inarudi. Hamjabeba dumu kweli?

Fundi Nozeli:
Mleta uzi, nijibu mawili. Harufu inazidi tangi likijaa? Na kuna mtu amegusa mfumo wa mafuta hivi karibuni?

Msafiri wa Mbagala:
Dumu hatujabeba. Kweli, juzi jioni nilijaza fulu kwa ajili ya safari na tangu hapo imezidi. Kabla ya hapo, tangi likishuka chini ya nusu ilikuwa inapungua.

Mtoto wa Pongwe:
Weka mkaa kwenye bakuli, acha ndani usiku kucha. Mkaa unavuta harufu zote. Karibu Tanga.

Fundi Nozeli:
Mkaa hauzibi tundu, ndugu. Mleta uzi, umejibu moja umeruka la pili. Boksi kavu chini na tangi likijaa harufu inazidi, maana yake panapovuja ni juu ya tangi. Nani alifungua huko?

Msafiri wa Mbagala:
Pampu ya mafuta ilibadilishwa, kama wiki mbili zilizopita. Sikutaja kwa sababu gari lilitoka likiwaka vizuri, sikuona kama vinahusiana. Aliyebadilisha ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Ni fundi mzuri, amelishika hili gari tangu nilinunue. Na Jumamosi siwezi kuahirisha, ni arobaini ya baba mkwe. Msiniambie nipeleke gari kwa fundi mwingine wiki hii, nitaonekanaje ukweni?

Mwalimu Mstaafu:
Kijana, heshima ya ukweni ni kumfikisha binti yao na wajukuu wao wazima. Hayo ya kuonekanaje yaweke pembeni. Kazi ya undugu haina risiti, ndiyo maana hata kuuliza unaogopa.

Jicho Pevu:
Huu uzi ni wa kutunga. Kajiunga juzi, kwanza kaficha pampu, sasa anatuletea shemeji na arobaini, kila ukimbana anazaa mhusika mpya. Hebu tueleze hiyo pampu ilitolewaje.

Msafiri wa Mbagala:
Alishusha tangi. Ndivyo alivyoniambia, na ndiyo maana ufundi ulifika elfu 80.

Jicho Pevu:
Mmeona? IST haishushwi tangi kubadili pampu. Unainua siti ya nyuma, pampu hiyo hapo. Hadithi imeishia hapa, wakuu.

Msafiri wa Mbagala:
Ndugu yangu, situngi. Sikuwepo. Alilichukua asubuhi akalirudisha jioni, nikalipa nilichoambiwa. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na hiyo harufu inamtoa machozi. Ningekuwa natunga ningetunga jambo la namna hii?

Mama Pacha:
Miezi mitano, na unauliza habari ya vioo wazi? Kaka, leo asiingie humo.

Fundi Nozeli:
Tuache kesi ya nani muongo, gari lenyewe litajibu. Toa gari nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, fungua milango yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini sakafuni, na cheche moja inautosha. Chomoa waya wa hasi wa betri. Inua kikalio cha siti ya nyuma, kunja zulia, utaona kifuniko cha bati kimebandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Kibandue taratibu, angalia mzunguko wa pampu. Usifungue zaidi ya hapo.

Msafiri wa Mbagala:
Nimerudi. Gundi nyeusi ilikuwa imeshabanduliwa, bati limeegeshwa tu. Pampu imezungushiwa silikoni nyeupe, imevimba, nikigusa inabonyea kama ubani uliotafunwa. Vumbi la pembeni limelowa, limekuwa tope la kahawia. Kidole kinanuka petroli tupu.

Fundi Nozeli:
Umepata. Hapo panakaa raba yake maalumu. Silikoni ya kawaida ikikutana na petroli inavimba na kulegea. Raba mpya utapata Gerezani, nenda na namba ya chesisi. Punguza mafuta kabla ya kufungua, na wakati mwingine bomba la sheli likikata lenyewe, usiongezee.

Msafiri wa Mbagala:
Nimempigia shemeji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema raba ilikatika wakati anairudisha, jioni maduka yalishafungwa, akapaka silikoni akitegemea kurudi. La kushusha tangi hakulisemea, na mimi sikumuuliza. Kesho anakuja na raba.

Jicho Pevu:
Nimesoma. Samahani mkuu. Simama naye pale pale anapofunga.

Msafiri wa Mbagala:
Leo ni Jumamosi. Raba iliwekwa jana mchana mbele ya macho yangu. Zulia bado lina harufu kidogo, kwa hiyo mke na watoto wamepanda basi. Mimi na shemeji tunafuata na gari, tangi nusu, vioo wazi, mtungi wa kuzimia moto uko miguuni pake. Tumesimama Segera kunywa chai. Ameshuka mwenyewe bila kuambiwa, akainua siti, akapitisha kidole kuzunguka pampu, kisha akaninyooshea nikinuse. Pakavu.