Resoti za Sipi: mnaagizaje chakula kikafika kabla njaa haijaisha yenyewe?

MkweWaBombo
Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijaaibika mara ya pili. Mimi niko Mbale, mashariki mwa Uganda, mwezi wa kumi na mbili nilipeleka mke na watoto Sipi, kule juu mlima Elgon, resoti moja ile ya ukingoni jina naliacha, mahali pazuri mno, unakaa kwenye baraza unaona yale maporomoko makubwa ya mita kama 100 yanamwagika mbele yako na chini kule tambarare inaenda mpaka macho yanachoka. Sasa tukakaa saa saba kamili, weita akaleta menyu kurasa sita. Pitza? Imeisha. Samaki? Hajafika. Tambi? Mpishi wa tambi yuko ofu. Haya tuletee kuku na chipsi. Jamani kuku alifika saa tisa na nusu!! Kwanza upepo wa pale ukampoza kabla hata sijanawa, chipsi zimelegea, na mtoto wangu mdogo alishalala na kijiko mkononi, biskuti zote za safari zimekwisha. Kwenye risiti nikakuta VAT asilimia 18 juu ya bei niliyosoma, eti imeandikwa chini ya menyu kwa maandishi madogo.

Sasa mama mkwe anakuja kutoka Bombo na mke wangu kashamwahidi Sipi. Mama ni Mnubi, mtu mzima, Mwislamu wa kweli kweli, na ana sukari, anajidunga sindano kabla ya kula kwa hiyo habari ya kungoja masaa mawili na nusu haipo kabisa. Nifanyeje? Kuna mahali pa uhakika au niwapeleke tu kula mjini Mbale tukapande Sipi tumeshiba?

SabinyOriginal
Pole ndugu lakini kosa la kwanza ni lako, unapanda mlima wa Masaba (ndio Elgon) unaagiza pitza 😂

Nikueleze kitu wageni hawaoni. Jumatatu mpaka Ijumaa resoti nyingi za huku zinaweza kukaa na wageni wawili watatu, tena wazungu wa kupita wanakunywa chai tu wanaenda zao mbuga ya Kidepo. Sasa mwenye hoteli aweke samaki kwenye friji amngoje nani, na umeme wenyewe unakatika mvua ikinyesha kidogo? Kwa hiyo hawaweki kitu. Ukiagiza samaki mtu anapiga simu Mbale, samaki anapanda takisi. Ukiagiza kuku ndo kijana anaanza kumkimbiza nyuma ya jiko. Ile menyu ya kurasa sita ni pambo, waliinakili mahali wakati wa kufungua.

Kilichoko huku kila siku ni viazi, maharage, mahindi, ndizi, kabichi, maziwa, mayai. Ukikaa kwenye hivyo vitu hutangoja.

jikoni_miaka_9
Nimepika kwenye lodge za huu mlima miaka tisa, sasa niko Jinja, niseme kidogo upande wa jikoni maana weita ndo anatukanwa lakini shida inaanzia kwetu.

Aliyosema Sabiny ni kweli ila kuna jambo lingine. Sipi iko kama mita 1,800 juu, huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, yaani unaona sufuria inatokota kwa kelele lakini ule moto wenyewe ndani ya maji ni mdogo kuliko wa Jinja. Maharage makavu yanakufanya uzeeke. Kuku wa kienyeji jogoo mzee ndo usiseme, chini anaiva kwa saa moja na nusu, juu huko ongeza, na kama kuni zimelowa (karibu siku zote zimelowa) ongeza tena. Mpishi mwenye akili analoweka maharage usiku na kuchemsha kuku asubuhi. Lakini atamchemsha kwa ajili ya nani kama hajui kwamba unakuja?

Kwa hiyo dawa ni simu. Siyo simu ya mapokezi ya kubuki meza, hiyo wataandika kwenye daftari na daftari litabaki hapo hapo kaunta. Omba kuongea na jikoni. Usiulize "menyu yenu ina nini", uliza "kesho mnapika nini". Mpishi akijibu haraka bila kufikiri, hicho ndo chakula, agiza hicho hicho. Taja saa unayotaka sahani iwe mezani, siyo saa ya kufika. Kisha asubuhi mkianza safari Mbale piga tena, mimi nilikuwa natia kuku motoni nikipata ile simu ya pili, simu ya kwanza watu wengi wanadanganya.

Kuhusu mama, muulizeni daktari wake, ila kwa macho yangu nimeona mgeni kajidunga akiwa amekaa na chakula kikachelewa, akaanza kutetemeka na jasho, tukakimbia na soda ya sukari. Asijidunge mpaka sahani iko mbele yake. Na mbebe kitu mfukoni.

Mwisho, kama anapenda kujaribu, mwombeeni malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, Wagisu, wenyeji wa mlima huu, wanayakausha kwa moshi, unaloweka, unachemsha muda mrefu, unatia binyebwa (karanga za kusaga). Hayo lazima uagize siku moja kabla, ukiambiwa yatakuwa tayari baada ya nusu saa ujue umedanganywa.

boda_wa_kwanza
Hadithi ndefu ya nini. Pale senta ya Sipi barabarani kuna rolex, mayai mawili chapati mbili moto kabisa, dakika tano. Kula, kisha ingia resoti na soda moja uangalie maji. View ni ile ile.

SabinyOriginal
@boda_wa_kwanza wewe mkweo utampa rolex barabarani? Kweli mahari ilikwisha lipwa 😂😂

Hajat_K
Asalaam alaykum. Baba naona umeelezwa mambo ya moto na kuni lakini la dini hakuna aliyeligusa. Nyama Uganda hii kwa desturi Waislamu ndo wanachinja, hata kwenye bucha za Wakristo, kwa hiyo ng'ombe na mbuzi usiwe na wasiwasi sana. Ila kuku wa resoti ni tofauti, anachinjwa pale pale nyuma na yeyote mwenye kisu. Uliza jina la mchinjaji, siyo ushindani, uliza kwa upole tu, hoteli za huko karibu na Mbale zimezoea swali hilo. Jambo la pili ambalo watu wanasahau ni kikaango. Asubuhi wanawakaangia wageni nyama ya nguruwe, mchana mayai yako yanaingia mafuta yale yale. Mimi huwa nasema nataka cha kuchemsha au cha kuchoma kwenye mkaa, nimemaliza maneno. Na mama mpe taarifa mapema ili abebe sweta, jioni kule baridi inaingia kwenye mifupa.

Kigezi_mwenyewe
Njooni ziwa Bunyonyi, huku kwetu Kabale, muache kuteseka. Kamba wa ziwani, wa maji baridi, wanatolewa ziwani wanaingia sufuriani, kitunguu saumu, viazi vya Kabale pembeni, dah. Kule ni juu kuliko Sipi na hakuna aliyenilalamikia.

jikoni_miaka_9
@Kigezi_mwenyewe mtu yuko Mbale unampeleka Kabale kwa chakula cha mchana, atafika kesho kutwa. Halafu nyie mna ziwa, kiungo chenu kinaogelea mlangoni, lazima mtuzidi.

Kigezi_mwenyewe
Nimekubali 😅

MkweWaBombo
Jamani nimerudi na ripoti, tumeenda jana Jumamosi.

Nilibadilisha mahali, hii ni ndogo vyumba vinne tu, mama mmoja na binti zake ndo wanapika. Nikapiga Alhamisi, nikaomba jikoni, nikauliza Jumamosi mnapika nini, akajibu bila kuvuta pumzi "viazi, maharage, dodo (yaani mchicha), kuku nikipewa taarifa". Nikasema taarifa ndo hii, na malewa. Akauliza unamjua nani huku, nikacheka. Hajat, mchinjaji nilimuuliza, kumbe jirani yao ni Mwislamu, wakamwita. Asubuhi nikapiga ile simu ya pili, ssebo @jikoni_miaka_9 ulisema kweli, akaniambia "aa kumbe mnakuja kweli, basi ngoja niweke kuku".

Nilisema saa saba na nusu, sahani zikatua saa saba na dakika hamsini. Dakika ishirini hizo mama mkwe alikaa na sindano kwenye mkoba ananiangalia bila kusema neno, nilitoka jasho na baridi ile. Lakini kuku alikuwa ameiva mpaka mfupa unaachia, maharage laini, na bei ilikuwa ile ile tuliyoambiwa kwenye simu. Mama alikuwa kabeba gurusa zake, ile mikate myembamba ya Kinubi, kwenye kikapu, hajui kuamini watu, akazitoa akachovya kwenye mchuzi wao, binti wa pale akaomba kipande, kikawa kikao cha wanawake cha kueleza jinsi ya kuchanganya unga, sisi wanaume tukasahaulika kabisa.

Malewa aliyatazama sana. Akamuuliza mke wangu kwa Kinubi kama ni mti. Akala kijiko kimoja, akanyamaza, akala vitatu. Mimi binafsi ule moshi haujanikaa vizuri, samahani Wagisu.

Kisha kahawa. Wanatwanga kwenye kinu mbele yako, wanakaanga kwenye kikaango cha udongo, arabika yao wenyewe ya nyuma ya nyumba, mama kanywa bila sukari kwa kuwa hana budi na kasema ndo mara ya kwanza kahawa isiyo na sukari haijamwonea. Kanunua nusu kilo.

Kitu kimoja tu: maporomoko hatukuyaona. Ukungu ulifunga tangu saa sita mpaka tunaondoka, tumesikia mngurumo tu kama lori liko kona halifiki. Nilijua nitasemwa. Kwenye gari mama akamwambia mke wangu basi mwezi ujao turudi tuyaone, na simu ya jikoni atapiga mwenyewe, namba keshachukua.