Nimenyang'anywa kamera nikipiga picha mtaani Arusha, nifanyeje?

Chalii wa Lenzi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni mpiga picha hapa Arusha. Riziki yangu ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Nikiwa sina kazi huzunguka mjini kupiga picha za maisha ya watu: machinga, mama wa ndizi, vijana wakiosha bodaboda. Juzi nilikuwa upande wa Mnara wa Saa nampiga picha fundi viatu, na mwenyewe alikuwa ameshakubali. Wakatokea askari wawili. "Kibali kiko wapi?" Nikawajibu nipo barabarani, sijaingia kwa mtu. Mmoja akavuta mkanda wa kamera shingoni mwangu, akaniambia niifuate kituoni. Huko sikuandikwa popote wala kupewa karatasi. Kila nikienda naambiwa afande yuko lindo.

Jumamosi nina kipaimara na kianzio nimeshapokea. Je, kibali kinatakiwa kisheria? Na nikifuatilia sana si nitabambikiwa kesi? Natanguliza shukrani.

Msomi wa Njiro:
Pole sana mdogo wangu. Kupiga picha barabarani peke yake si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Yapo maeneo yanayolindwa chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, mfano kambi za jeshi. Huko usiinue kamera kabisa. Sheria ya filamu ya 1976 nayo inadai kibali, ila kwa wanaotengeneza filamu. Fundi viatu kando ya barabara hayumo kote huko.

Kinachoniumiza ni kamera kuchukuliwa kimyakimya. Askari anayekamata mali kwenye upekuzi anatakiwa kutoa hati ya alichochukua, isainiwe na mwenye mali na mashahidi. Na kama kweli ni kielelezo, yaani ushahidi wa kesi, basi kiwe kwenye rejista ya vielelezo. Achana na kumsaka huyo afande, nenda kwa mkuu wa kituo (OCS). Peleka barua fupi, nakala mbili, yako igongwe muhuri. Andika tarehe, saa, aina ya kamera na namba yake, kisha omba urudishiwe au uambiwe unachunguzwa kwa kosa gani. Ikikwama, barua hiyohiyo inapanda kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), halafu kamanda wa polisi wa mkoa (RPC). Kubambikiwa ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye hana kumbukumbu yoyote ya maandishi.

Baba Neema:
Kijana, sheria nzuri lakini Jumamosi haisubiri. Mpe hela ya soda yaishe.

Msomi wa Njiro:
Hapana kaka, hapo nakukatalia. Rushwa ni kosa kwa anayetoa na anayepokea. Akiombwa, apige kwa taasisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, namba 113, simu ni bure. Kwa Jumamosi aazime kamera kwa mpiga picha mwenzake.

Dada Picha, Moshi:
Huku kwetu nimewahi kuzuiwa karibu na stesheni, kwa hiyo nakuelewa. Kamera ikirudi, iwashe mbele yao uangalie kadi. Ukikuta picha zimefutwa, usipige hata moja mpya: zilizofutwa hubaki kwenye kadi mpaka zifunikwe na nyingine. Itoe, mpe fundi azirudishe kwa kompyuta.

Na jambo lingine nalisema kwa moyo wote. Haki yetu inakutana na faragha ya watu, ambayo nayo imo kwenye Katiba, ibara ya 16, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Pale soko la Mbuyuni nasalimia kwanza. Mama akisema hataki, nashusha kamera. Watoto sipigi bila mzazi. Mara nyingi askari huitwa na mtu aliyekasirika.

Chalii wa Lenzi:
Asanteni sana. Dada, fundi viatu hakulalamika, hata alinitetea. Tatizo risiti sina, kamera nilinunua mtumba kwa mtu.

Dada Picha, Moshi:
Fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta, uangalie taarifa za faili. Kamera nyingi huandika humo namba yake. Chapisha ukurasa huo. Kama ulilipa kwa simu, chapisha na ujumbe wa muamala.

Msomi wa Njiro:
Safi sana, na muuzaji akikubali kuandika barua, bora zaidi. Fundi viatu mwombe awe shahidi wako. Usiende peke yako.

Chalii wa Lenzi:
Namba nimeipata kwenye picha za harusi ya mwaka jana. Kesho asubuhi naenda na mjomba na mwenyekiti wa mtaa. Nitaleta mrejesho.