Draug wa Norwei: nusu mashua inaeleaje?

Msomaji_Usiku: Wadau, nasikia wavuvi wa kaskazini mwa Norwei walimwogopa sana mzimu mmoja wa baharini, draug, ambaye eti husafiri kwa nusu mashua. Nusu kivipi, na isizame?

Mtundika_Samaki: Mimi naishi Svolvær, kwenye visiwa vya Lofoten huko kaskazini, kazi yangu kutundika samaki kwenye vichanja vikaukie upepo. Wazee wa hapa wanamchora hivi: koti la ngozi la mvuvi, na penye kichwa rundo la mwani. Ukimsikia akipiga ukelele, jiandae, kuna mtu hatarudi. Mashua ni nusu kwa sababu ilishavunjika naye akafa nayo. Maiti atahofia nini kuzama?

Ukitaka kuelewa hofu yenyewe, tazama kalenda. Samaki wa skrei (aina ya kodi, “cod”) hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai huku kati ya Januari na Aprili, yaani katikati ya baridi kali. Wavuvi waliwafuata kwenye ghuba ya Vestfjorden kwa mashua za wazi, tanga moja la mraba na makasia. Mashua ikipinduka walipanda juu ya mkuku, wakachomeka visu kwenye mbao wapate pa kushika. Baadaye mashua inaokotwa imepinduka juu chini, watu hawapo, visu vipo. Alama za mpini ndizo zilizowaambia nyumbani ni nani alikuwa pale. Sasa mtu huyo hajazikwa, hana kaburi. Huyo ndiye draug.

Mwana_wa_Pwani: Umesahau kile kisa cha mkesha wa Krismasi! Jamaa kaenda banda la mashua kuchota pombe, kamkuta draug amekaa juu ya pipa. Badala ya kukimbia, kampiga teke. Kutoka nje, draug wa bahari nzima wanamfuata. Akakatiza makaburini akipiga kelele, “Amkeni, Wakristo, mnisaidie!” Asubuhi makaburi yamejaa mwani na mbao za majeneza. Maiti wa nchi kavu walipigana na maiti wa baharini usiku kucha.

Msomaji_Usiku: Duh! Teke la nini sasa? Na siku hizi kuna anayeamini?

Mtundika_Samaki: Kwenye boti za injini na redio sijamsikia anayekiri. Ila manispaa ya Bø, kule Vesterålen, imemweka kwenye nembo yake, na nusu mashua yake vilevile.