Aliyeniambia "watazoeana" anajijua: oska na Jack Dempsey tangi moja, sasa nina samaki chongo

Asalaam alaykum wakuu. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona nimekwaza anisamehe mapema, lakini nisipolisema leo nitapasuka.

Kabla ya Idd ya Mfunguo Mosi binti yangu, yuko darasa la tatu, alining'ang'ania anataka samaki. Si wa kula, wa kuangalia. Sisi tuliokulia Unguja samaki kwetu ni changu, kibua na jodari; unamfunua mashavu uone kama bado mekundu, unapatana bei, unaondoka. Habari ya kumweka sebuleni ukamlisha wewe ni mpya. Basi nikenda kwa bwana mmoja hapa mjini anayeleta samaki wa mapambo kutoka Dar kwa boti, wamo kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Simtaji.

Akanitolea wawili. Oska, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, na Jack Dempsey, ana vidoa vya buluu vinavyometameta kama nyota. Kila mmoja hapati urefu wa kidole changu cha shahada. Nikamuuliza kwa mdomo wangu huu: "Hawa hawagombani?" Akacheka. "Watazoeana, kaka. Si unaona wamekuja mfuko mmoja?"

Mfuko mmoja! Hata kifaranga na mwana paka ukiwatia kapu moja wachanga watalala. Suali ni wakishakua.

Na hapo ndipo penye dhulma yenyewe. Yule bwana anajua wanafika wapi wakikua, mimi sijui, na hakusema. Oska akitunzwa vizuri anapata sentimita 30, na hachukui miaka mingi, ndani ya mwaka mmoja na kitu tu keshakuwa wa kukatwa vipande vinne vya kupaka. Dempsey anafika 20 hadi 25. Tangi aliloniuzia siku hiyo hiyo, na akalisifu, lina sentimita 90 kwa 35 kwa 40. Zidisha, gawa kwa 1,000: lita 126, na hapo hujatoa mchanga wala mawe. Wanaofuga samaki hawa miaka na miaka wanasema oska peke yake, bila mtu, anataka lita 280 kwenda juu. Umtie na Dempsey, usishuke chini ya 450. Mimi nimewapa chumba cha uani wapangaji wawili wenye visu.

Tena jina tu lingenitosha kuzinduka lau ningekuwa naelewa. Jack Dempsey alikuwa bondia wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Samaki kapewa jina la bondia kwa ugomvi wake na sura ya uso wake! Halafu mtu ananambia hana neno.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba wote wawili ni siklidi, ukoo mmoja na perege wetu. Na perege aliyewahi kumfuga bwawani anamjua: dume akichimba kiota chake chini, atakayepita juu yake atakiona. Hawa nao ndivyo walivyo, kila mmoja anataka pahala pake, pango lake, mpaka wake. Na huko asili yao hata hawakutani: oska ni wa mito ya Amazoni, Dempsey ni wa Amerika ya Kati, Mexico mpaka Honduras. Sebuleni kwangu Fuoni ndiko walikopewa nyumba moja.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa raha, sikatai. Binti akawapa majina, oska akamwita Chungwa, Dempsey akamwita Nyota. Nikirudi kazini Chungwa ananijua, anakuja kiooni anatikisa mkia, anakula uduvi kutoka vidoleni mwangu. Wallahi samaki yule ana akili kuliko baadhi ya watu. Mwezi wa nne Nyota akalichukua jiwe la kona, akaanza kuchimba mchanga usiku, ukiamka asubuhi unakuta kilima upande mmoja. Chungwa akipita tu anafukuzwa, ingawa yeye ndiye mkubwa. Akawa anapauka rangi, mara analala ubavu chini kama aliyekufa. Binti analia. Nampigia yule bwana simu: "Ndiyo wanazoeana hivyo, kaka."

Wiki iliyopita, saa nane za usiku, nasikia maji yanapiga kifuniko. Nikatoka na tochi ya simu. Wameumana midomo, mmoja kamshika mwenzake taya, wanasukumana huku na huku, mkia unapiga kioo. Nyota kawa mweusi tititi, vile vidoa vya buluu havionekani. Magamba yanaelea kwenye mwanga kama maganda ya kitunguu. Nikatia mpini wa ufagio katikati ndipo walipoachana. Jicho la kushoto la Chungwa lilikuwa limeshakuwa jeupe, na asubuhi halikuwepo.

Nimemtoa, nimemtia kwenye pipa la buluu uani na pampu ya hewa.

Sasa sikilizeni jibu nililopewa nilipokwenda dukani na picha. La kwanza: "Maji yako ndiyo mabaya." La pili, na hili kalisema mbele za watu: "Labda jicho la watu, sebule yako inapitwa sana." Jicho! Samaki kang'olewa jicho na mwenzake, mimi naambiwa nikatafute kombe la kuondoa husuda.

Lakini hilo la maji acha niliseme, maana limenikera mara mbili: maji mabaya kanifunza yeye. Kanambia nijaze tangi, niwatie samaki siku hiyo hiyo. Kumbe samaki hutoa amonia kwenye mashavu yake, na tangi jipya linataka wiki nne mpaka sita bakteria waote kwenye kichujio waigeuze iwe kitu kisichoua haraka. Kanambia niokote matumbawe makavu pwani nipambe. Kisiwa chetu chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima changu ni magumu mpaka birika linafanya ukoko mweupe, halafu niongeze matumbawe ndani! Ugumu unazidi, maji yanazidi kuwa ya kialkali, na amonia katika maji ya namna hiyo, tena ya moto, ndiyo inakuwa sumu zaidi.

Maji ya moto, ndiyo. Kwa sababu kaniuzia na hita. Hita, Zanzibar! Samaki wanataka nyuzi 24 mpaka 28, na huku kwetu msimu wa kaskazi ukiacha ndoo barazani inazipita bila kuiwasha kitu. Nilikaa wiki tatu na hita inawaka, mita ya umeme ya tukuza inakwenda mbio, samaki wanahema juu juu, kwa vile maji yakipata moto hewa inapungua. Mke wangu ndiye aliyeichomoa. Alisema, "Baba fulani, hawa unawafuga au unawachemsha?"

Sitaki fidia, na nilishasema dukani. Nilichotaka ni neno moja tu siku ile: "Kaka, chagua mmoja." Ningechagua mmoja, ningelipa hela ile ile, na leo ningekuwa nimeshanunua kwake chakula cha miezi saba. Kibandiko kidogo kwenye kioo, kimeandikwa huyu akikua anafika hapa, ni karatasi na kalamu tu. Lakini akikibandika, lile tangi la lita 126 atamuuzia nani?

NYONGEZA: Wanaoniuliza Nyota vipi, yuko peke yake tangini, katulia, mpole kama si yeye. Yule aliyeandika nimkaange Chungwa kwa ndimu nimemsoma, na mke wangu pia kamsoma, kacheka sana, mimi sikucheka.

Mwenye tangi la lita 300 au zaidi hapa Unguja, lisilo na samaki mwengine, anichukulie Chungwa bure. Anakula, anaogelea, upande wa kushoto tu ukimpelekea uduvi haoni, mpe kulia. Kwa pipa hatofika mbali, maji nambadilisha theluthi kila siku ya pili na mgongo wangu umechoka.

Na yule bwana, asubuhi hii, baada ya yote, kanitumia picha. Samaki mwekundu wote, kichwa kama ngumi. Chini kaandika: "Kaka, huyu ameingia jana, mtie na Nyota asikae mpweke. Hana neno kabisa."