Habari za siasa Uganda: redio, gazeti au simu? Nikibaki na kimoja, kiwe kipi?

Wakala_wa_Busia

Wakuu, salaam. Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Ugali wangu unategemea kujua mapema kinachopikwa Kampala na Nairobi. Kwa sasa nalipia bando la wiki, gazeti nanunua siku tatu au nne, na redio ya ofisini haizimwi. Hela inatoka na bado nadanganywa. Nataka nipunguze.

Kilichonichosha ni kisa cha Oktoba 2022. Mnakumbuka Jenerali Muhoozi alivyoandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake hawangemaliza wiki mbili kuichukua Nairobi? Siku hiyo nilikuwa na lori la mahindi kwenye foleni, linavuka kwenda Kenya. Kikundi chetu cha WhatsApp kikawaka moto. Kwanza ikaja skrinishoti ya ule ujumbe, na ilikuwa ya kweli kabisa. Haukupita muda ikaja sauti ya mtu anahema kama aliyekimbizwa: "Mpaka unafungwa saa kumi na mbili, ondoeni magari!" Jina hakutaja. Nikampigia dereva ageuze, arudi Bugiri.

Mpaka haukufungwa hata dakika moja. Nikalipa pakingi ya siku mbili, mafuta, na matusi ya mwenye mahindi ambayo hayana risiti.

Redio niliyokuwa nasikiliza ililitaja jambo lenyewe jioni, sentensi mbili, kisha muziki. Magazeti ya siku zilizofuata ndiyo yaliyonifumbua macho: jamaa kaondolewa uongozi wa jeshi la nchi kavu, papo hapo kapandishwa cheo kuwa jenerali kamili, na baba yake, Rais Museveni, kawaomba Wakenya radhi. Lakini wakati nasoma hayo, mahindi yangu yako Bugiri.

Kwa hiyo simu iliwahi ikanidanganya, gazeti lilisema kweli likachelewa, na redio sijui niiweke wapi. Nyinyi mnafanyaje?

Boda_wa_Ntinda

Mkuu, simu haijakudanganya. Aliyekudanganya ni huyo aliyekuwa anahema.

Mimi nasema simu, tena simu peke yake. Aprili 2023 sisi wa bodaboda ndio tuliokuwa tunavunjika miguu kwenye mashimo ya Kampala. Nani aliandika? Miaka yote magazeti yalikuwa yanaweka picha moja ya shimo ukurasa wa ndani, basi. Akatokea Jimmy Spire Ssentongo, yule mchora katuni, akawaambia watu kwenye Twitter, ambayo sasa ni X: leteni picha za mashimo ya mtaani kwenu, tufanye maonyesho. Watu wakaleta! Mwingine kapiga picha bata anaogelea, mwingine kakaa na ndoano anavua samaki katikati ya barabara. Baada ya kelele hizo Rais akaagiza Kampala itafutiwe shilingi bilioni 6 za kuziba. Mwaka 2024 wakarudia hivyo hivyo na matumizi ya Bunge, posho na safari zote zikaanikwa kama nguo. Redio na televisheni zikawa zinachukua kwetu.

Gazeti tunalo hapa steji, moja kwa watu tisa. Likifika kwangu ukurasa wa michezo umeshafungiwa chapati.

Mzee_wa_Bombo

Wanangu, nimewasoma. Kijana wa Ntinda, nikuulize. Tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia kura, hiyo simu yako ilikuambia nini? Intaneti ilizimwa nchi nzima ikarudi tarehe 18. Januari 2026 wakazima tena tarehe 13, siku mbili kabla ya kupiga kura. Na Facebook ilifungwa siku moja kabla ya ile ya 2021, mpaka leo mnaingia kwa kuruka ukuta na VPN. Siku ambayo habari inatafutwa kuliko siku zote ndiyo siku simu inageuka tochi.

Mimi nina redio ya mawe, yaani betri. Eriali yake ilivunjika zamani, nimeunganisha waya wa kuanikia nguo, unapita dirishani hadi kwenye mpera. Mjukuu wangu akianika shati lililolowa, BBC inaanza kukoroma. Siku zile tano za 2021 majirani walikuja kukaa hapa barazani, hata wale wanaonicheka. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957, na ya DW tangu 1963. Nimezeeka nazo.

Ila nisiwafiche. Redio nayo ina yake. Nilikuwa mtoto Januari 1971, tuko hapa hapa Bombo, Radio Uganda ikapiga muziki wa kijeshi, kisha askari mmoja akasoma sababu 18 za kumpindua Rais Obote. Watu wakatoka nje kushangilia. Hakuna aliyeuliza sababu ya 19. Enzi hizo redio ilikuwa moja, na anayeishika ndiye anayeishika nchi. Kwa hiyo ninapokuambia redio, nasema redio zaidi ya moja, na mojawapo iwe inatoka mbali.

Mama_Kikuubo

Mzee shikamoo. Nyongeza kidogo tu, niko na wateja.

Redio za hapa nyumbani nazo huzimwa. Septemba 2009, wakati wa vurugu za Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga, redio CBS ya Buganda ilifungwa, ikarudi Oktoba 2010. Mwaka mzima na mwezi! Na ile mijadala ya ebimeeza, watu wanakaa baa Jumamosi wanapokezana kipaza sauti kuisema serikali, ikapigwa marufuku wakati huo huo. Haijarudi. Ninyi vijana mnaosema X ndiyo ilianza kuwapa wananchi sauti, ulizeni ebimeeza ilikuwa nini. Mtu alikuwa anasema kwa mdomo wake, uso wake unaonekana, na anayempinga amekaa meza ya pili.

Mimi dukani naweka televisheni. Agataliiko Nfuufu ya Bukedde inavuta wateja. Siasa humo ni kiasi, wizi wa kuku ndio mwingi, lakini naijua Kampala kwa habari hiyo.

Mwalimu_Mbale

Mleta uzi, swali lako limekaa vibaya kidogo. Unauliza kipi kimoja, wakati kisa chako mwenyewe kinaonyesha kila kimoja kilijibu swali tofauti. Simu ilikuambia *kimetokea nini*. Gazeti likakuambia *maana yake nini*. Wewe ulichotaka siku ile ni kitu cha tatu: *je, geti liko wazi sasa hivi?* Hilo halimo kwenye chombo chochote cha habari. Limo kwa mtu aliyesimama getini.

Sasa nitetee magazeti, kwa sababu naona yanazikwa hai. New Vision ilianza 1986, na serikali ndiyo yenye hisa nyingi. Monitor ilianza 1992, leo iko chini ya Nation Media Group ya Nairobi. Kila mtu anajua hilo, na ndio uzuri wake: unajua anayeongea na wewe amekaa upande gani wa meza. Mimi siku ya bajeti, mwezi wa Juni, nanunua yote mawili nayalaza pamoja. New Vision huanza na kilichoongezwa, Monitor huanza na deni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano nawapa kazi hiyo hiyo: tafuta sentensi iliyoko huku na haiko kule. Wanajifunza siasa zaidi ya kitabu.

Na msiseme gazeti haliumi. Mei 2013 polisi walivamia ofisi za Monitor, wakafunga gazeti pamoja na redio zake KFM na Dembe kwa siku kama kumi, na Red Pepper nayo ikafungwa. Walikuwa wanatafuta barua ya Jenerali Sejusa, ile iliyozungumzia mpango wa kumrithisha mtoto wa Museveni urais. Mtoto huyo huyo aliyekurudishia mahindi Bugiri, mkuu.

Kero yangu iko kwingine. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Haya, nendeni mezani kwa muuza magazeti, Mbale au Kampala, mniletee gazeti la kila siku la Kiswahili linalochapwa Uganda. Mimi mwalimu wa Kiswahili nawafundishia watoto kwa vipande vya magazeti ya Nairobi na Dar.

Boda_wa_Ntinda

Mwalimu umeongea, lakini hukujibu hoja ya bei. Gazeti la kila siku kwa mwezi ni pesa ya tairi.

Na mzee wangu wa Bombo, kuhusu kuzimwa: kweli tulizimwa. Lakini nani alitufundisha VPN? Serikali yenyewe! Julai 2018 walipoleta kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia WhatsApp na Facebook, steji nzima ilijifunza VPN wiki moja. Hata mzee Katende wetu asiyejua kuandika ujumbe alijua kuiwasha. 2021 wakaiondoa wakaweka asilimia 12 kwenye bando, hiyo sasa haina mlango wa nyuma.

Mzee_wa_Bombo

VPN bila intaneti ni kama boda bila mafuta, kijana wangu. Unaikalia tu.

Boda_wa_Ntinda

😂 Nimekubali hiyo moja.

Mama_Kikuubo

Narudi. Nimesahau televisheni ya 2017. Septemba ile ya mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, tume ya mawasiliano ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 26. Kesho yake wabunge wakapigana viti ndani ya Bunge. Dukani watu wameganda mbele ya runinga wanangoja, huku kwenye simu video zinaruka kama senene. Siku hiyo Boda angenishinda.

Dereva_wa_Mpondwe

Habari zenu. Mimi nasafirisha hadi Kasindi, Kongo. Kwenye kebini nina redio, simu mbili, na turnboy, yaani utingo. Turnboy ndiye bora. Tukisimama anashuka, anazungumza na madereva wanaotoka tunakokwenda, anarudi na habari yote: njia, askari, bei ya mafuta, na nani kapigwa risasi wapi.

Sauti za WhatsApp sizifungui kabisa nikiwa njiani. Agosti 2024 jalala la Kiteezi lilipoporomoka, nilipokea sauti saba usiku mmoja, kila moja na idadi yake ya waliokufa, na kila mmoja anaapa kwa Mungu yuko pale. Redio asubuhi ilisema 8. Nikasema redio inaficha. Kumbe ilikuwa inahesabu miili iliyokwisha kutolewa, na kila siku ilipanda, ikavuka 30. Zile sauti saba hakuna iliyorudi kusema "nilikosea."

Mwalimu_Mbale

Dereva, hapo umegusa penyewe. Chombo kinachorudi kusahihisha namba yake nakiamini hata kama kilianza chini.

Halafu enyi waadmini wa vikundi, angalieni vidole. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, katika sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta Januari 2023, lakini sheria yenyewe ipo bado. Kumsambaza mtu anayehema si utani.

Wakala_wa_Busia

Asanteni sana wakuu, mmenipa kichwa cha kufikiria. Mwalimu, leo nimefanya ulivyosema. Kuna dada anauza chai pembeni ya geti, upande huu. Nimemwomba namba. Tumekubaliana nikimpigia ananiambia foleni iko wapi, na mimi nakunywa chai kwake kila siku hata nisipotaka. Nimeshakunywa vikombe viwili toka asubuhi na habari sijapata bado, ila chai ni nzuri.

Bando la wiki nimeacha, nitakuwa naweka la siku. Gazeti nitanunua Jumamosi na siku za bajeti, siku nyingine nitasoma vichwa vya habari nimesimama mezani kwa muuzaji mpaka anifukuze. Kikundi cha WhatsApp nimekinyamazisha, sijatoka, maana humo humo ndimo wanamotangaza misiba.

Imebaki redio. Mzee wa Bombo, nichukue ipi? Hapa dukani wananionyesha za kuchaji kwa jua, zina tochi na zinacheza kadi.

Mzee_wa_Bombo

Achana na tochi. Chukua ya mawe makubwa, yenye mawimbi mafupi, isiyo na kadi. Ukiweka kadi utasikiliza muziki. Na waya usiufunge kwenye mpera.

Boda_wa_Ntinda

Mkuu, gazeti la Jumamosi ukimaliza usifungie chapati. Nipigie picha ukurasa wa michezo unitumie WhatsApp.